Ndege Iliyotakata

Jumapili, 12 Machi 1989
Dishon, jirani yangu kutoka bara anayefanya kazi bandarini, kaniletea shajara ya ofisi yao. Anasema wamegawiwa nyingi na yeye hana la kuandika. Mimi ninalo. Binti yangu Mwanatabu na mumewe Ishaka wamehamia kwangu leo, hapa mtaani Shika Adabu, Likoni. Mwanatabu ana mimba yake ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama. Wamekuja na godoro, masanduku ya nguo, na boksi moja ambalo Ishaka hakumwachia mtu alishike. Nikadhani ni vyombo vya kioo.

Jumanne, 14 Machi
Si vyombo. Ni ndege. Ndege ya plastiki, ya vita vya Wazungu vya zamani, imekuja vipande vipande na mwenyewe anaiunga kwa gundi kisha anaipaka rangi. Kaipata kwa rubani mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Mwanamume mzima na ndevu zake, kakaa ukumbini kwangu karibu na dirisha, kakunja uso, anapaka bawa lenye urefu wa kiganja changu.

Sikusema neno. Mkwe hagombezwi. Mimi siingii chumbani kwao, yeye haingii jikoni kwangu, na likiwapo la kusema namwambia Mwanatabu, naye humfikishia likiwa limepoa. Ndivyo mama yangu alivyoishi na wakwe zake na hakuna aliyewahi kumpandishia sauti. Lakini rangi ile inanuka, jamani. Nimefungua madirisha yote.

Jumatano, 15 Machi
Madirisha wazi kutwa. Mbu wameingia.

Jumapili, 19 Machi
Jerioth, mkewe Dishon, kaja kusukiwa mkeka wake ulioachia, akamwona Ishaka na vikopo vyake vya rangi. Nilipomsindikiza uani akaniuliza, "Mama Tabu, huyu kijana ako sawa? Hiyo si ni kitu ya watoto?" Nikamjibu kwamba anamtengenezea mwanawe. Uongo mtupu, lakini sikutaka mkwe wangu achekwe na mtaa.

Ishaka kazi yake ni kusafisha ndege kule uwanjani Port Reitz. Ndege za kweli. Watu wakishashuka, yeye na wenzake huingia wakafuta, wakasugua, wakaondoka na mifuko ya taka. Huwezi kumkosea adabu mtu anayekula kwa jasho lake. Tena ana heshima. Kila asubuhi, "Shikamoo Mama," mpaka niitike marahaba ndipo avae viatu.

Alhamisi, 23 Machi
Leo nimeiona ndege imekwisha kupakwa. Kijani na kahawia juu, samawati tumboni, na duara za rangi mabawani. Moyoni nikasema, kumbe mkono anao. Mistari imenyooka. Mimi nimepaka hina mabibi harusi wa Likoni tangu sijaolewa, na najua mkono unaotetemeka na usiotetemeka. Wake hautetemeki.

Mwanatabu ananiambia mkuu wa Ishaka kazini ameahidi kuiweka ndege hii kwenye kabati la kioo ukumbini kwao, kila msafiri aione. Nimefurahi zaidi ya nilivyomwonyesha.

Jumanne, 28 Machi
Mungu anipe subira. Anaichafua.

Nimemtazama kwa macho yangu. Kachukua rangi nyeusi, kaitia mafuta mpaka ikawa kama maji ya mchuzi, kaipitisha juu ya ndege yote. Kisha kasaga chaki na risasi ya penseli, akawa anapaka unga ule nyuma ya mabomba ya moshi. Kisha kwa sponji kabandika vidoa vya fedha pale bawa linapoungana na mwili, kana kwamba rangi imebambuka. Kazi ya wiki mbili!

Mchana anasafisha ndege za watu, jioni anakuja kuichafua ya kwake. Nilimwuliza Mwanatabu kulikoni. Akasema, "Ndivyo inavyofanywa, Mama," akaendelea kula embe lake mbichi na chumvi. Hata yeye hajui.

Jumamosi, 1 Aprili
Mvua ya kwanza ya masika. Bati linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumatatu, 3 Aprili
Anaichafua bado. Leo ni michirizi ya mafuta tumboni.

Alhamisi, 6 Aprili
Kesho mwezi unatarajiwa, na nyumba haiingii Ramadhani ikiwa na vumbi. Mwanatabu hawezi kuinama tena, kwa hivyo kazi yote imekuwa yangu. Nimeosha mapazia, nimesugua sakafu, nimetoa vyombo vyote vya kabati nikavifuta kimoja kimoja. Nilipofika dirishani nikaikuta ndege. Ishaka yuko kazini, na Mwanatabu kalala.

Nikaitazama. Masizi, madoa, michirizi. Nikafikiri, kitu hiki kitawekwa ndani ya kioo mbele za watu, na watu watauliza kinatoka nyumba ya nani. Labda kimemshinda na anaona haya kusema. Nikachemsha maji yakawa vuguvugu, nikatia sabuni ya unga kidogo, nikachukua mswaki wa zamani na kipande cha dodoki. Unga wa chaki ulitoka mara moja. Ile nyeusi iliyoingia kwenye mistari ikakataa, nikaichukulia kitambaa chenye mafuta ya taa, na hakuna uchafu unaoshindana na mafuta ya taa. Rangi ya kijani nayo ilitoka kidogo bawani, lakini si sana. Nikaifuta, nikaianika, nikairudisha dirishani. Iling'aa kama sinia la harusi. Nikasema, leo Ishaka atajua kwamba ana mama.

Alirudi saa ya magharibi. Akaiona. Akaishika kwa mikono miwili, akaigeuza, akaiangalia kwa muda. Kisha akainamisha kichwa akasema, "Ahsante, Mama. Imetakata."

Hakusema zaidi, lakini kijana mwenye adabu huwa hana maneno mengi. Nalala nimechoka na nimeridhika.

Ijumaa, 7 Aprili
Mwezi umeandama. Ramadhani karim.

Jumatano, 12 Aprili
Mvua usiku na mchana. Saumu inakwenda vizuri. Ishaka haketi tena pale dirishani. Nadhani njaa inamchosha. Ndege kairudisha ndani ya boksi. Nilitaraji angeipeleka kwa mkuu wake haraka.

Jumatatu, 17 Aprili
Nyumba hainuki rangi siku hizi, hata sikuona ilivyoacha. Ishaka amezidi heshima. Leo kafagia ukumbi mwenyewe, kapiga deki pale alipokuwa akikaa mpaka sakafu ikawa nyeupe. Nikamwambia Mwanatabu, mumeo ni mtu wa kupigiwa mfano. Mwanatabu akanitazama, akainuka taratibu akaenda zake chumbani.

Jumamosi, 22 Aprili
Baada ya kufuturu Mwanatabu akaniambia, macho yakiwa kwenye kikombe, "Mama, Idd ikipita tutakwenda Chaani, kwao Ishaka. Nitajifungulia huko."

Nikauliza kwa nini. Akasema hakuna kitu. Nikauliza nimekosa nini. Akasema, "Hujakosa, Mama. Nyumba ni yako."

Nyumba ni yangu. Ndiyo. Tangu baba yake afe ni yangu peke yangu, na nimelala ndani yake nikihesabu matone yanayoanguka kwenye ndoo. Nilikwisha kutandika kitanda cha mjukuu. Nilikwisha kununua beseni. Nimeandika haya nikiwa nalia, wala sioni aibu, kwani nani atasoma.

Jumapili, 23 Aprili
Mvua.

Jumatatu, 24 Aprili
Mvua. Ishaka kaenda Chaani kuangalia chumba. Kafuturu hukohuko.

Jumanne, 25 Aprili
Leo ninaandika ndefu.

Asubuhi Jerioth kaja kuniletea sukuma wiki za shambani kwake. Watu wa bara wana jambo moja: neno likiwafika kinywani hulitoa. Kaniuliza mlangoni, hata hajaketi, "Mama Tabu, kwani ulimfukuza Ishaka?"

"Nimfukuze! Nani kasema?"

"Alimwambia Dishon kule feri. Ati wewe hukutaka hiyo uchafu yake kwa nyumba, ndio ukaosha ile ndege. Ati aliskia."

"Aliskia nini? Sikusema neno."

"Ndio hivyo. Anasema hukusema neno. Ulimwonyesha tu."

Nilikaa kwenye kizingiti. Jerioth akadhani saumu imenizidi, akataka kunimwagia maji.

Sasa ninaona yote. Ninaona jinsi alivyoishika kwa mikono miwili. Mimi mwenyewe nimemfundisha Mwanatabu tangu utotoni kwamba mtu mzima haambiwi, huonyeshwa. Mgeni aliyezidisha siku humfagilii miguuni? Mpangaji mchafu humwoshei mlango wake ukanyamaza? Basi kijana wa watu kaja kwa mkwewe, kakuta kazi yake imeoshwa mpaka rangi imetoka, Ramadhani inabisha hodi, na mkwewe anatabasamu. Angeelewa nini kingine? Ameelewa kama alivyolelewa kuelewa. Amenishukuru, amefagia pale alipokaa, na ametafuta chumba kwingine. Adabu yetu sisi wawili imetufikisha hapa.

Nikamwita Mwanatabu. "Abee, Mama." Nikamwuliza, ule uchafu wa ndege ulikuwa kazi? Akaanza kulia. Akasema kuichafua ndiko kugumu kuliko yote, kwamba Ishaka alikuwa akikaa jioni nzima kwa doa moja, kwamba aliporudi siku ile aliingia chumbani akakaa kitandani na viatu vyake. "Nilimwambia hukujua, Mama. Akasema Mama anajua kila kitu."

"Mbona hukuniambia mimi?"

"Nilidhani ndivyo ulivyotaka."

Binti yangu wa kumzaa!

Nilipika futari. Uji, mihogo, samaki wa kupaka. Ishaka akala kwake barazani, mimi kwangu uani, kama kawaida. Alipomaliza nikafanya jambo ambalo mama yangu angenishangaa. Nikaenda barazani, nikaketi mkekani mbele yake, nikamwambia uso kwa uso:

"Ishaka mwanangu, mimi sikuiosha ndege yako kukufukuza. Niliiosha nikidhani nakusaidia. Wallahi nilidhani imechafuka."

Akanyanyuka nusu, akakaa tena. "Usiape, Mama."

"Naapa. Nilitaka watu waione inang'aa. Mimi ni mjinga wa ndege. Nisamehe."

Maji ya bati yalikuwa yakianguka kwenye pipa. Halafu bega lake moja likaanza kutikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka! Anacheka na machozi yanamtoka. "Kwa mafuta ya taa, Mama?"

"Kwa mafuta ya taa."

"Na dodoki?"

"Na mswaki."

Akacheka mpaka Mwanatabu akatoka na tumbo lake kuuliza kuna nini. Nami nikacheka, lakini kifuani nilihisi kama mtu aliyetua ndoo aliyoibeba kutoka mbali. Nikamwuliza sasa lile ambalo ningepaswa kumwuliza mwezi uliopita: kwa nini mtu anayejua kupaka vizuri namna ile aharibu?

Akalileta lile boksi. Akaitoa ndege, imemeta, imepauka bawa moja. Akasema, "Ndege safi haijakwenda popote, Mama. Ndivyo inavyotoka kiwandani. Mimi kila siku naingia kwenye ndege, nauona mchanga wa watu, makombo yao, alama za vidole vya watoto kwenye kioo, nafuta. Nikimaliza inakuwa kama haikubeba mtu. Hii yangu nataka ionekane ilikwenda. Moshi huu nyuma ya bomba ni wa saa nyingi angani. Hapa penye fedha ni viatu vya rubani akipanda, kila asubuhi palepale. Na hapa chini ni mafuta, maana injini imechoka. Lakini imerudi. Mtu akiiona ajue imerudi."

Baba yake Mwanatabu alikuwa mtu wa meli, na kila aliporudi mimi jambo la kwanza nilikuwa nikimvua shati nalitia kwenye maji. Kumbe ningeacha kidogo nikalitazama.

Nikamwambia, "Basi nifundishe kuichafua."

Alhamisi, 27 Aprili
Nimekabidhiwa tumbo la ndege. Nimetumia kijiti changu cha ukuti cha kupakia hina, na masizi ya sufuria yaliyochekechwa. Ishaka kashangaa masizi yale yalivyo laini. Yeye anarudisha kijani mabawani. Tunafanya kazi baada ya futari mpaka adhana ya isha, kisha anakwenda tarawehe.

Ana tabia ya kuichonga ncha ya brashi kwa midomo. Mchana alitaka kufanya kazi kidogo, brashi ikaenda mdomoni, nikamwahi: "Saumu hiyo, baba!" Akaitoa kama mwizi.

Jumamosi, 29 Aprili
Nimeharibu. Michirizi yangu ya mafuta ilikuwa mizuri, imelingana kulia na kushoto, hata mwishoni nikaipinda kidogo ikapata kichipukizi. Ishaka kaitazama muda mrefu akitafuta maneno ya heshima.

"Mama, hii imekuwa ya bibi harusi."

Nikafuta. Uchafu haulingani pande mbili, ndivyo alivyonifunza. Akanitoa uani akanionyesha bati langu linalovuja: kutu imeanzia kwenye msumari, imeteremka, hapa nene, hapa nyembamba, hapa imekatika kabisa. Miaka yote nalitukana bati lile, leo nimesimama kwenye manyunyu nalitazama kama picha.

Jumanne, 2 Mei
Chaani haijatajwa. Sithubutu kuuliza.

Alhamisi, 4 Mei
Nimeuliza. Nimejizoeza sasa, nauliza tu kama Jerioth. Ishaka akasema, "Chumba nilikiacha ile Jumatano, Mama. Tulidhani unajua."

Tulidhani unajua! Nyumba hii itatuua kwa adabu. Lakini nimeingia chumbani nikasujudu.

Jumapili, 7 Mei
Idd. Nimepika biriani, nimewapelekea Dishon na Jerioth sinia zima. Jerioth kaiona ndege, akasema, "Ai, si mlikuwa mmeiosha?" Nikamketisha nikamweleza moshi, viatu vya rubani na injini iliyochoka. Akaitikia tu, lakini alipoondoka alichungulia tena tumbo lake.

Jumatano, 10 Mei
Ishaka kaipeleka kazini, imefungwa ndani ya leso yangu.

Ijumaa, 12 Mei
Imerudi! Mkuu wake kaitazama kakubali kwamba ni nzuri, kisha kasema, "Lakini mbona chafu? Ioshe kwanza, halafu tuiweke kwenye kioo."

Nimepandwa na hasira sijapata kuona. Chafu? Mtu mzima aliyekaa na ndege maisha yake yote, hajui ndege iliyotoka safari ikoje? Nikamwambia Ishaka nitakwenda mwenyewe Port Reitz nikamfundishe. Ishaka na Mwanatabu wakatazamana, wakaangua kicheko mpaka Mwanatabu akashika tumbo akaomba nisimchekeshe. Nami ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe.

Nikafungua kabati langu la vyombo. Nikasogeza sahani za harusi yangu, zile ambazo hakuna anayezigusa, nikaiweka ndege katikati. Ishaka kasimama pale mlangoni hakuweza kusema. Na safari hii nilijua maana ya kimya chake, lakini nikamwuliza hata hivyo. Akasema, "Nimefurahi, Mama. Basi tu."

Jumatatu, 22 Mei
Mvua zimepungua. Nimefuta kabati lote. Ndege sikuigusa.

Jumapili, 28 Mei
Alhamdulillahi, alhamdulillahi. Mtoto wa kike, alfajiri, wote wawili salama. Mwanatabu amechoka lakini anacheka. Ishaka kalia mbele ya manesi bila kujificha. Jina lake ni Dhahabu.

Jumanne, 30 Mei
Wamerudi nyumbani kwangu. Beseni limepata kazi.

Jumapili, 4 Juni
Leo mtoto ametimiza siku saba. Nimemwogesha, nimempaka mafuta ya nazi, kakaa kama tunda. Kisha nikachukua wanja, nikamkoleza nyusi zikawa nzito, zimepinda, nikamtia na doa kubwa kwenye paji la uso. Jerioth, aliyekuja na maziwa, kapiga kelele. "Mama Tabu! Mtoto msafi hivyo unamchafua?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ili jicho la mtu lisimdhuru. Mimi nilipakwa, na Mwanatabu alipakwa."

Ishaka alikuwa ameinamia kitanda. Kamtazama mwanawe na doa lake, kisha akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "kumbe kazi hii ulikuwa ukiijua siku zote."

"Sikujua kwamba ndiyo ile."

"Lakini nyusi ya kulia imezidi."

"Uchafu haulingani pande mbili. Nani alinifunza?"

Jumamosi, 10 Juni
Jua kali, mapazia nje. Ishaka kapata boksi la pili, ndege nyingine ya vipande, kalifungua barazani. Mtoto yuko chumba cha uani, harufu haimfikii. Mimi niko ukumbini, inanifikia vizuri, ile rangi kali ya vikopo vidogo. Nimeinuka kufunga dirisha, nikaliacha wazi.